Veltana Imepatikana Garissa

Shangazi Mkamburi,

Shikamoo kutoka kwenye joto hili, ambako chai ya maziwa ya ngamia ndiyo inayopoza mwili, amini usiamini.

Nimeipata Veltana! Ile taipureta niliyoitafutia historia hadi mkanicheka kwamba nimeiota. Mwenyewe ni Mama Habiba, anayewaandikia watu barua hapa sokoni. Marehemu mumewe aliinunua Nairobi. Alipofariki, mama alijifunza mwenyewe kuipiga, na kwa kazi hiyo akalea watoto.

Nilikuja na nia ya kuinunua, niipeleke makumbusho. Kabla sijatamka neno, akafika mama mmoja kutoka Hulugho. Binti yake ameitwa chuo, lakini kitambulisho hakijatoka, na barua ya kumwombea muda ilitakiwa leo. Stima ilikuwa imepotea mji mzima.

“Keti, abaayo,” Mama Habiba akamwambia, kama dada kwa dada. “Hii mashine haijui stima.”

Akaigonga kama mvua juu ya mabati, kisha akamsomea barua kwa Kisomali. Yule mama alilia, akanigeukia kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali: “Kumbe shida yangu ina maneno mazuri hifi!”

Ndipo Mama Habiba akaniuliza kwa lafudhi hiyohiyo, “Na wewe, nataka nini?”

“Kupiga picha tu, mama.”

“Biga basi. Mikono yangu pia iwe ndani.”

Nimeipiga hivyo, Shangazi, na habari ya kununua sikuitaja.

Mungu akutunzie magoti na mihogo yako.

Mwanao akupendaye,
Mghoi