Salamu za Kupandia Mlima

Jumatano jioni

Basi, nimeamua: ni siku tatu kwa wiki. Daktari alisema nichague idadi ya siku za mazoezi nitakayoiweza hata mwakani, nikachagua kupanda kwa miguu kutoka sokoni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bila bodaboda. Sasa sijui kama zinatosha, au nimeshachelewa.

Leo sikupumzika njiani hata mara moja. Nilisimama kusalimia tu. Kila mzee nilimpa shikamoo, nikamuuliza habari za viazi, za wajukuu, mpaka pumzi inirudie. Nilijiona mjanja.

Kwenye kona ya juu, ndani ya ukungu, nikamkuta shangazi, dada wa marehemu baba, anakata majani ya ng'ombe. Nikamwamkia. Nikauliza ya ng'ombe, nikauliza ya mguu wake. Akawa ananitazama kifuani.

“Umeanza lini kusalimia hivi?”

Nikamwambia ni adabu tu, shangazi.

“Baba yako naye, mwaka wake wa mwisho, alikuwa na adabu sana kwenye mlima huu.”

Akaninyang'anya kikapu, akatangulia. Ana miaka themanini. Sikuwa na pumzi ya kumkatalia.