Makofi Niliyompigia Guka

Mjukuu wangu Wambui,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi tuko salama. Mama yako amehamia Murera, na ng'ombe amezaa ndume tena.

Uliuliza mbona sipigi makofi kanisani mtu akiokoka. Guka wangu, babake mama, alitekwa vitani akafungwa kambini hadi vita vikaisha. Mimi sikujua. Nilijua tu kwamba kanisani kwetu Thika wote waliinua mikono, yeye akaitia yake mfukoni, na wenzangu wakanicheka.

Jumapili moja mhubiri mgeni alimwendea, akamshika mkono, akauinua. Ule wa pili ukapanda wenyewe. Guka akapiga magoti, vidole nyuma ya kichwa, machozi yakimtoka. Watu wakapaza sauti, "Ameokoka!" Nami nikapiga makofi hadi viganja vikauma.

Tukirudi nyumbani, mama akaninong'oneza kwamba hivyo ndivyo maadui walivyompigisha magoti siku waliyomteka. Guka alitutangulia, mikono mfukoni. Akageuka.

"Ni wewe ulikuwa unapiga makofi hivyo?"

"Ndiyo, Guka."

"Nilikusikia."

Cucu wako