Njia ya Tembo Shambani Kwetu

Kamwene Lukelo,

Hapa Idodi nzima ni mimi peke yangu ambaye tembo wakinikuta njiani wananipisha. Darasa la nne lilinishinda, lakini tembo hawajui hilo. Bibi yako mzima. Kila siku anakuulizia wewe, mpaka nimeanza kukuonea wivu.

Umeuliza kwa nini ule ukanda wa katikati ya shamba haulimwi, maana chuo kikifungwa huko Iyunga unataka uje uweke nyanya. Pale ni njia ya tembo kwenda mtoni. Baba yangu aliiacha, na baba yake aliiacha. Mimi, kijana mjanja, nikapanda mahindi.

Baba akasema, "We kijana, hao hawageuki."

Nikamjibu, "Wakiniona mimi watageuka."

Mahindi yalibeba vizuri. Asubuhi moja, jua limeshatoka, tembo wakaja na watoto wao, wakasimama wakinusa. Mimi nilikuwa juu ya dungu la kulindia shamba, pamoja na mdogo wangu, yule uliyerithi jina lake. Yaliyofuata siyaandiki. Walipita palepale wanapopita siku zote, na Lukelo alikuwa palepale.

Nyanya zako panda huku juu, karibu na mfereji.

Watu wote, hata bibi yako, wanajua Lukelo alishuka mwenyewe kwa ubishi. Hakushuka mwenyewe. Nilimpa debe mkononi nikamwambia, "Nenda ukawafukuze, mimi nakuangalia."

Babu yako