Mama Keza alivyonisindikiza

Alhamisi usiku, Hässelby

Na bado nimeshiba mpaka shingoni. Nilikwenda kwa Mama Keza kumwombea binti yake ruhusa ya safari ya kikundi chetu cha vijana, kulala ziwani usiku mmoja tu. Akanipakulia ugali na sombe, kisamvu cha kwao, akaniuliza habari za mama yangu Mwanza. Kila nilipogusia safari, aliniongezea samaki. Keza akanung'unika kwa Kiswidi kwamba tunapoteza muda.

Nilikasirika, nakiri. Nimeshinda nimesimama kazini, na huku kwa vijana najitolea tu. Nikaaga. Nikamwambia asijisumbue kunisindikiza, nje baridi.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwao Burundi mgeni hulishwa kwanza. Neno lenyewe husemwa njiani, wakati wa kumsindikiza.

Alivaa koti, tukatoka. Tulipokuwa mbali na masikio ya Keza, akasema, "Dada, tangu tukimbie, huyu hajalala mahali nisipomsikia akipumua. Anayeogopa ni mimi."

Kituoni, treni yangu ilipofika nikaiacha iende, nikageuka, nikamsindikiza na mimi mpaka mlangoni kwake.

"Aende," alisema akitafuta ufunguo. "Lakini weye ulale karibu naye."

Mimi hata sikuwa nimepanga kwenda.

"Nitakusikilizia, Mama Keza."

Sikumwambia kwamba nikishalala, hata radi siisikii. Basi usiku huo sitalala.