Nenda na Ndevu Zako

Dada yangu Zaina,

Kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Mama akiuliza unasoma nini, mwambie ni karatasi za shule za watoto. Nakuomba kwa jina la Mungu, neno la barua hii lisikutoke: si kwa mama, si kwa shemeji, na kwa baba ndiyo kabisa, mpaka ufike mwisho ambako nimekueleza cha kufanya. Nimeandika kwa mkono na kuificha ndani ya kitenge cha mama kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani. Ukimaliza, ichome.

Sasa shikamoo dada. Goti la mama linaendeleaje? Na mahindi ya kule Kwamndolwa, mvua imeyapa nafasi au imeyalaza? Mimi ni mzima. Joto la Maskati limepungua kidogo, na ofisini bado naandika orodha za mizigo, nakagua mara tatu kabla ya kuikabidhi karatasi. Wananicheka kwa hilo, lakini hawajawahi kunirudishia kazi.

Nakuandikia kuhusu baba na mimi. Najua unalijua jambo lenyewe, lakini hukuwepo siku ile, na nadhani umesikia maneno ya watu tu. Acha nikueleze mimi.

Unajua desturi ya baba: mtoto wake akiondoka safari ndefu, lazima amnyoe yeye mwenyewe, pale pale anaponyolea wateja wake, kwenye kibaraza cha duka la Bwana Karim, mbele ya watu. Kaka alinyolewa pale alipokwenda migodini. Siku moja kabla sijaondoka nami nilikaa kwenye benchi kusubiri zamu. Kitini alikuwepo mzee mmoja wa Magoma, shavu moja limekwisha, la pili lina povu. Alikuwa anacheka, kichwa kinacheza, na baba akamwambia, "Tulia wewe, au nikuachie upande mmoja uende nao Magoma." Watu wote wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nautazama ule wembe wa kukunja, ambao baba anaunoa kwenye mkanda tangu sijazaliwa. Nilikuwa nimetoka kusoma tangazo la zahanati kuhusu magonjwa ya damu, na unajua kitu kikiingia kichwani mwangu hakitoki. Nikauliza, na kwa sauti kubwa kwa sababu ya woga, "Baba, huo wembe umeuchemsha?"

Mzee wa Magoma aligeuka akasema, "Kwani huwa hauchemshwi?" Akajivua kitambaa shingoni, akasimama, akaondoka zake na povu shavuni. Wawili waliokuwa wakisubiri nao wakakumbuka wana shughuli. Baba aliupangusa wembe, akaukunja, akaniambia maneno manne tu: "Nenda na ndevu zako."

Hakuja stendi kunisindikiza. Tangu hapo nikipiga simu anampa mama. Na wewe ndiye uliyeniambia kwamba siku hizi anakwenda kibarazani kila asubuhi, anakaa, na wateja wanapita mbele yake kwenda kwa vijana wenye mashine. Na kwamba wembe ameufungia kwenye kopo la majani ya chai. Dada, tangu uniambie hivyo sijalala vizuri. Swali lenyewe bado naona lilikuwa halali. Lakini nililiulizia mahali ambapo baba anapata ugali wake, na nililiuliza mbele ya mtu mwenye povu usoni.

Sasa habari yenyewe. Mwezi uliopita nilitakiwa kupiga picha ya kitambulisho kipya cha ukaazi. Mashine yangu ya kunyolea ilikuwa imeungua, na shingo imejaa vipele vya ndevu kwa jinsi nilivyokuwa nikijikwangua nayo. Bosi wangu wa ghala, Bwana Khalfan, Mwomani ambaye mama yake alikulia Unguja na anazungumza Kiswahili kuliko sisi, alinitazama akasema, "Athumani, ukipeleka sura hiyo watadhani nimeajiri beberu. Simama twende." Sikupata nafasi ya kukataa. Alinishika mkono mpaka kwa kinyozi wake, mzee wa Kipakistani anayeitwa Yusuf. Duka lilikuwa limejaa watu.

Nikawekwa kitini. Nikafungwa kitambaa. Nilipoona mzee anatoa mpini wa wembe nilishika mikono ya kiti kama mtu anayeng'olewa jino. Yusuf akasimama, akamwuliza Khalfan kitu kwa Kiarabu.

"Anauliza," Khalfan akasema, "unauogopa wembe au unamwogopa yeye?"

"Mwambie vyote viwili."

Watu wakacheka. Na hapo, dada, ulimi wangu ukanifanyia tena yale yale. Nikasema mbele ya duka zima, "Mwulize wembe ameuchemsha?" Nilipojisikia nikatamani niingie chini ya kiti. Khalfan alitafsiri kabla sijamzuia.

Nilingoja yule mzee akunje vifaa vyake aniambie niende na ndevu zangu. Hakukasirika hata kidogo. Alifungua droo, akatoa wembe mdogo ndani ya karatasi yake, akaniwekea kiganjani. "Anasema fungua mwenyewe," Khalfan akaniambia. Nilifungua. Akauchukua kwa karatasi yake, akauvunja katikati kwa urefu, nusu akaipachika kwenye ule mpini. Ni mpini wa kukunja, dada, unafanana kabisa na wa baba, ila wembe wake unabadilishwa kwa kila mtu. Kila anayekaa pale anafunguliwa wake mbele ya macho yake, na ukiisha unatupwa.

Kisha akaniwekea taulo ya moto. Akazungusha brashi na sabuni mpaka povu likasimama. Halafu akaivuta ngozi ya shavu langu kwa kidole gumba na kuanza, na sauti ya wembe ilikuwa ile ile ya kibarazani, kama mtu anayechana karatasi taratibu. Alipofika karibu na mdomo alinionyesha nisukume shavu kwa ulimi. Baba hufanya hivyo hivyo. Nimekaa kwenye benchi lile utoto wangu wote nikiwaona watu wakisukuma mashavu kwa ndimi, na mimi mwenyewe baba hajawahi kunigusa shavu kwa wembe. Nilipoota ndevu nilianza na mashine kwa kuogopa.

Machozi yakanitoka. Yusuf akashtuka, akainua wembe juu, akaanza kunikagua akidhani amenikata. Nikamwambia Khalfan amweleze kwamba sijakatwa, ila baba yangu ni kinyozi.

Mzee akaniangalia kwenye kioo. "Anasema, mtoto wa kinyozi unaogopa wembe? Basi wewe ni mtoto wa mpishi unayeogopa wali," Khalfan akasema, na duka zima likaangua kicheko, nami nikacheka na povu langu. Nikawaeleza yote, hata ya mzee wa Magoma. Hawakucheka tena. Yusuf alimaliza kazi polepole, akanipaka jiwe la shabu, lile la kukausha michubuko, likaniwasha mpaka miguuni. Vipele vimekwisha. Hakukubali nilipe; alisema mtoto wa fundi mwenzake hatozwi. Akaingia nyuma, akatoka na mpini kama wa kwake, mpya, na pakiti za nyembe. "Wa baba yako," akasema. Neno hilo alilisema kwa Kiswahili, alikuwa amemwuliza Khalfan.

Namshukuru Mungu kwa mtu yule. Ningeweza kukutana na kinyozi yeyote, nikakutana na aliyenivumilia.

Mzigo anaouleta Bwana Karim, aliyekuja huku kufuata bidhaa za duka lake, nimemwomba akukabidhi wewe mkononi; yeye anajua ni kitenge cha mama tu. Ndani ya soksi nyeusi utakuta mpini na nyembe. Nisikilize vizuri hapa. Usimpe baba kibarazani. Usimpe mbele ya mtu yeyote, hata mama. Usimwambie "Athumani amekuletea wembe safi," maana hapo nitakuwa nimemtukana mara ya pili. Subiri baada ya alasiri anapokunywa kahawa yake peke yake nyuma ya nyumba. Mwekee mbele yake useme hivi tu: "Athumani anakuja likizo mwezi wa mfungo ukiisha. Anaomba akifika umnyoe, kibarazani, mbele ya watu." Akitaka kujua zaidi, mweleze ya Yusuf. Akinyamaza, nyamaza nawe, umwachie.

Nisalimie mama, mwambie nakula. Nisalimie shemeji na wanao, na bibi wa Kwedizinga mwambie tasbihi yake naitumia kila siku. Kaka akipiga simu mwambie namkumbuka.

Namna ya kunipata: sheria ya ofisi ni simu kukaa kabatini mchana, na natoka saa kumi na moja. Baba akiupokea, nibipu mara moja ukate. Akiukataa, nibipu mara mbili, nijue nisikusumbue kwa maswali. Ila akisema anataka kuzungumza nami mwenyewe, usibipu. Piga muda wowote. Nimeshamwomba Bwana Khalfan ruhusa, siku hizi simu naiweka mfukoni.

Mdogo wako,
Athumani