Stesheni ya Tabora Sasa Inauza Chipsi

Mama Mwamvua, mtani wangu,

Ni saa ya mapumziko na makuli wote wa mtaa wetu hapa Kariakoo tumejilaza juu ya marobota. Mgongo unaniuma kama kawaida yake. Nimeazima peni dukani. Unajua shule sikuimaliza na mkono wangu umezoea kamba kuliko kalamu, basi nivumilie mistari ikipanda na kushuka. Nataka kukueleza habari za mtoto wetu, na habari za ile bustani ya treni kule mtaa wa Gerezani, maana siwezi kueleza moja nikaiacha nyingine.

Mwamvua alikuja likizo. Tangu ulipofariki amekuwa kwa mama yangu Tabora. Mtu anayetoka alfajiri kubeba mizigo na kurudi hajiwezi, angemleaje mtoto mdogo peke yake? Sasa mama amezeeka, macho yanamsumbua. Safari hii alinipigia simu akasema, "Mwanangu, huyu nimemlea, lakini ana baba. Akae na wewe likizo hii. Akitaka kubaki, abaki. Akikataa, mrudishe, wala usimlazimishe." Nikamwambia sawa, mama. Moyoni niliogopa kuliko siku niliyokuja kwenu kuposa.

Niliogopa kwa sababu niliona mtoto hanipendi. Sijui niseme vipi vingine. Kwa simu alikuwa ananijibu kama anamjibu mwalimu mkuu. Shikamoo baba, nzuri baba, ndiyo baba. Alipofika ikawa hivyo hivyo. Anafagia, anaosha vyombo, ananiandalia maji ya kuoga, halafu anakaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri kuitwa aondoke. Hakunikosea adabu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Wewe ulikuwa unanikosea adabu kila siku, nikajua nina mke.

Sikuwa na kitu cha kumvutia isipokuwa ile bustani. Miaka yote hii nilikuwa namsimulia kwenye simu, ili tu asikate haraka.

Nilimsimulia jinsi Mzee Maganga, yule fundi mstaafu wa reli, alivyoichukua yadi ya vyuma chakavu akasema atajenga treni ya watoto. Hakutaka treni ya kuzunguka tu. Alitaka mtoto wa Kariakoo ambaye hajawahi kuvuka Kimara apande pale Gerezani, apite Morogoro, Dodoma na Tabora, ashukie Kigoma. Kila stesheni tuliijenga kwa saruji, mimi nikiwa kibarua. Morogoro tuliinua milima. Dodoma tulisuka mizabibu ya waya. Kigoma tulichimba bwawa tukalijaza maji, tukaweka mitumbwi ya mbao, na hilo likawa Ziwa Tanganyika.

Na nilimsimulia jinsi nilivyokutana na wewe nikiwa nimejaa saruji hadi kwenye kope, napiga lipu ukuta wa stesheni ya kwetu. Wewe ndiye uliyekuwa unaita vituo. Treni ilipofika kwangu ulisimama mlangoni ukatangaza, "Tabora, Tabora. Wanyamwezi shukeni. Na huyu mtumwa wangu hapo ukutani msimpe maji, ataacha kazi." Abiria wakacheka. Nikajibu bila kugeuka, "Mzaramo yuko kazini leo? Basi ngoma imeahirishwa." Ukapita ukicheka, ukazunguka, ukarudi na tusi jingine. Nilichelewesha ule ukuta makusudi.

Mzee Maganga hakutukataza. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, kila mmoja anamwita mwenzake mtumwa wake, anamnyang'anya kitu chake, na hakuna anayenuna. Yeye hicho ndicho alichokitaka. Nakumbuka alikwambia, "Zuhura, waache wataniane humo ndani. Mtu ukishamtania, umeshajua kwao." Bustani yote ile, milima na ziwa, aliijenga kwa ajili ya hilo.

Basi Idi pili nikavaa kanzu na kofia, Mwamvua akavaa gauni alilonunuliwa na bibi yake, tukaenda. Mimi sikuwa nimefika pale tangu tukuzike. Nilisikia tu kwamba Mzee amefariki, wanawe wameuza, na aliyenunua ni Mangi, yule mfanyabiashara wa jumla ambaye mizigo yake naibeba mpaka leo.

Sitakudanganya, nilishtuka. Milima ya Morogoro imevunjwa, pamewekwa puto kubwa la kurukia lenye umbo la kasri. Mizabibu hakuna. Treni yenyewe imechorwa vikatuni vya nchi za watu, ina spika inayopiga muziki mpaka meno yanatikisika. Hakuna anayeita vituo, kwa sababu vituo havipo. Ziwa Tanganyika limekaushwa na kujazwa vimpira vya plastiki vya rangi rangi. Na stesheni ya Tabora, ule ukuta wangu, imetobolewa dirisha. Wanauza chipsi mayai.

Mangi alikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Mangi, Dodoma umeing'olea nini?"

"Dodoma ilikuwa hailipi hata umeme," akasema. "Watoto wanataka kuruka. Wewe ulitaka niwauzie jiografia?"

Na kweli. Pale ndani palikuwa pamejaa. Enzi za Mzee hapakujaa hivyo hata siku moja, na wewe unajua mishahara yetu ilivyokuwa inachelewa.

Mwamvua akaniuliza, "Tabora iko wapi, baba?"

Nikanyoosha kidole kwenye chipsi.

"Hii?"

"Ndiyo hii."

Akaitazama muda mrefu. Yule ametoka Tabora yenyewe, kwa treni yenyewe. "Haifanani," akasema. Halafu akauliza taratibu, "Zamani ilifanana?"

Nikafikiri. "Haikufanana sana. Nilikuwa sijajua kupiga lipu vizuri."

Akaangalia chini. Nilidhani anataka kucheka, lakini hakucheka. Akaenda akatumbukia kwenye vile vimpira pamoja na watoto wengine, na humo ndipo nikamsikia akipiga kelele za furaha kwa mara ya kwanza tangu aje. Nilisimama pembeni nikivionea wivu vimpira.

Baadaye tukapanda treni. Aliyekuwa anakusanya tiketi ni mama mmoja mnene wa makamo, ana sauti kama mtoa adhana. Akamwuliza Mwamvua, "Mmependeza, mnatoka wapi nyie?" Mtoto akajibu, "Tabora, shikamoo." Yule mama akashika kiuno.

"Marahaba. Kumbe Wanyamwezi. Basi wewe kaa, ila baba yako asimame. Mtumwa hakai mbele ya Mzaramo."

Mama Mwamvua, sijui ilikotoka. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzaramo anahesabu tiketi? Nani kamfundisha? Mpeni ngoma, hii kazi itamtoa jasho."

Behewa zima likacheka. Baba mmoja aliyekaa nyuma na wanawe akapaza sauti, "Mangi, na wewe mpaka Idi unauza tu? Mchaga hupumziki?" Mangi naye akajibu kutoka mlangoni, "Wewe Mpare lipa kwanza, kesi utafungua ukishuka." Wakaanza wengine, huyu wa Songea, yule wa Singida. Muziki unapiga, vikatuni vinatazama, treni inazunguka mahali ambapo hapana Dodoma wala Morogoro, na watu wazima wanatupiana maneno juu ya vichwa vya watoto. Nilicheka mpaka machozi.

Nilipojifuta nikamwona Mwamvua ananitazama. Hakuwa anacheka. Uso alikuwa ameukunja.

Tuliposhuka akasema, "Ndivyo ulivyocheka siku ya mama."

Sikuelewa. Akasema tena, "Siku ya kumzika mama. Nilikuona. Wale watu walimcheka mama na wewe ukacheka."

Ndipo nikajua. Jeneza lako lilipokuwa linatoka nyumbani kwenu Buguruni, wabebaji walikuwa makuli wenzangu, Wanyamwezi watupu. Yule mkubwa wao akalishusha kidogo mlangoni, akajifanya ameshindwa, akasema, "Mizigo yote ya Kariakoo tumebeba, lakini huyu Mzaramo kala nazi nyingi, hanyanyuki." Shangazi zako wakacheka wakiwa wanalia. Na mimi nikacheka. Mtoto alikuwa dirishani, ameshikwa na mama mdogo, hajui kitu. Alikua na picha hiyo kichwani, baba yake akicheka mbele ya jeneza. Hakumwuliza bibi wala mtu yeyote. Alinipa tu shikamoo, mwaka baada ya mwaka.

Tukakaa nyuma ya kile kibanda cha chipsi, kwenye kipande cha ukuta kilichobaki. Nikamwambia, "Mwanangu, wale walikuwa watani wa mama yako. Kazi ya mtani msibani ni hiyo. Kama wasingesema neno, ndugu zake wangeuliza, hivi marehemu hakuwa na watani? Mama yako na mimi tulianza hapa, kwa matusi ya namna hiyo hiyo. Kumzika kimya ingekuwa kumzika kama mtu tusiyemjua."

"Lakini wewe ulikuwa mume wake."

"Ndiyo. Nilikuwa nimekabwa hapa kooni, siwezi hata kupumua. Yule mkubwa wa makuli aliposema vile, pumzi ikatoka. Ilitoka na kicheko. Kilio kilifuata nyuma yake, wewe ulikuwa umeshaondolewa dirishani."

Akavunja vunja kijiti. Kisha akauliza, "Alikuwa anapenda nazi kweli?"

"Kwenye wali, kwenye maharage, kwenye mihogo. Angekuwa na uwezo angetia nazi kwenye chai."

Akaziba mdomo kwa kiganja akacheka, mabega yanapanda. Ni wewe. Sikujua kwamba kicheko kinarithiwa.

Halafu akainuka, akaenda peke yake mpaka kwa yule mama wa tiketi, nikamsikia anasema, "Shangazi, mimi mama yangu ni Mzaramo. Kwa hiyo mtumwa si mimi. Mtumwa ni yule pale." Akaninyooshea kidole.

"Alaa, kumbe wewe wetu," yule mama akasema. "Mbona umechelewa kusema? Twende tukamnyang'anye."

Wakaja wawili, wakanivua kofia ya Idi mbele za watu. Nikaambiwa nitaipata nikishanunua soda. Mwamvua akaivaa, ikamfika kwenye masikio, akapanda treni tena na ule msafara wake mpya. Kila walipopita mbele yangu alikuwa ananiita jina lile, mtumwa wangu, mtumwa wangu, kwa sauti ambayo Mzee Maganga angeiajiri siku hiyo hiyo.

Nimeifikiria sana bustani ile tangu siku hiyo. Imeharibika, siwezi kusema vingine. Mtoto wa Kariakoo akipanda ile treni leo hatajua kama Dodoma iko mbele ya Tabora au nyuma. Nikiuona ukuta wangu umejaa mafuta ya chipsi roho inaniuma, na Mangi nimemwambia. Lakini raha ipo. Ipo kwa sababu watu bado wanakuja na makwao mdomoni, na hakuna aliyeweza kuwanyang'anya hayo mlangoni. Nilidhani Mzee aliyaweka yale kwenye saruji. Kumbe yeye aliyakuta, akayajengea tu mahali pa kukaa. Ningependa mahali pale parudi. Mangi amesema nikileta saruji yangu na nguvu zangu, kibao cha Tabora nikiweke juu ya dirisha la chipsi, hanikatazi. Nitakiweka.

Jioni ile tulikuwa tunaosha vyombo uani na wapangaji wengine. Mwamvua akauliza bila kuniangalia, "Baba, shule ya hapa karibu ni ipi?"

Nikamwonyesha upande ilipo.

"Wanavaa sketi za rangi gani?"

"Bluu."

Akasuuza sufuria, akaliinamisha limwage maji. "Mwambie bibi," akasema, "asinisubiri. Halafu kesho ununue nazi, wali wako hauliki."

Basi, Zuhura, nakuaga hapo. Nazi nimenunua. Mtoto yuko kwangu, ananikosea adabu kila siku.

Mumeo,
Baba Mwamvua