Gari la Kumbebea Mama

Jumatatu, tarehe 9 Novemba.
Leo ni miaka mitatu, miezi miwili na siku kumi na moja tangu niondoke nyumbani.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba nyonga ya mama imeanza kukubali yale mazoezi ya kliniki. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima, ila nimechoka. Si uchovu wa ugonjwa, usishtuke. Ni ule wa mtu anayeamka akiwa amechoka tayari, kama vile kuna mwenzake aliyeuazima mwili wake usiku kucha akaenda nao kibaruani. Vidole vimechunika kwa sabuni, magoti yanalia nikipanda ngazi za bweni. Mengine ni ya kawaida.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nikipiga simu, shemeji huiweka kwenye spika, nyumba nzima ikasikiliza, na mimi nikisikilizwa na watu wengi nageuka kuwa mtu mwingine. Huko chini utaelewa. Barua hii anakuletea dereva wa lori anayepita njia ya kwenu. Ameahidi itakuwa mkononi mwako Alhamisi, kabla shemeji hajaipigia simu yadi yetu ya kuuzia magari siku ya Ijumaa kuthibitisha gari mnalonunua. Isome peke yako kwanza. Na naomba kalamu nyekundu uiache shuleni. Najua mwalimu ukiona neno limekosewa mkono unakuwasha, lakini mimi niliishia kidato cha pili, na wewe ndiye uliyenifungia begi la safari.

Sasa habari ya gari. Yale mawili mliyoyachagua kwenye picha, jeupe na la kijivu, yamesimama hapa yadini, ubavu kwa ubavu, karibu na bomba la maji. Wala sikushangaa kwamba mmebaki na hayo. Ndiyo yanayotakwa na kila mtu siku hizi, haya magari mafupi yaliyoinuka kidogo, si ya chini kama teksi wala ya juu kama lori. Ukisimama kwenye taa za barabarani hapa, utahesabu kumi ya aina hii na tisa ya aina ile kabla taa haijageuka kijani. Wateja wetu nao hugombana hivyo hivyo. Wiki iliyopita walikuja mume na mke, mke akasema lile moja lina uso wa mtu aliyenuna, mume akamjibu kwamba yeye ameishi na uso wa kununa miaka kumi na mbili na haujamshinda. Wakaondoka bila gari na bila kusemeshana.

Shemeji anataka jeupe. Amenitumia ujumbe mrefu kuhusu taa zake, kioo chake cha dashibodi kikubwa kama televisheni, na buti lake linalofunguka lenyewe. Tangu aanze kusoma habari za magari kwenye simu anaongea kama vile yeye ndiye aliyeyaunda. Simlaumu. Akiba yenu yote ya miaka inakwenda hapo, na mtu akitoa vyote alivyonavyo anataka apate kitu cha kupendeza macho. Lakini wewe uliniandikia mstari mmoja tu, nao ndio niliokaa nao. Ulisema mara ya mwisho mlipokodi gari la kumpeleka mama kliniki, alishindwa kuinuka kwenye kiti, akabaki ameshika mlango huku watu wanamtazama, na tangu siku hiyo anasema miadi imeahirishwa hata kama haijaahirishwa.

Basi nilifanya hivi. Mama na mimi tuna kimo kimoja, unakumbuka alivyokuwa akinisimamisha anivalishe koti lake ili aone pindo. Saa ya chakula nilifungua mlango wa mbele wa kila gari, nikakaa anavyokaa mama sasa kama ulivyonieleza: nikageuza mgongo kwanza, nikatua, kisha nikauinua mguu wa kulia kwa mikono miwili kama mzigo na kuuingiza ndani. Halafu nikatoka bila kujisukuma kwa mguu huo. Nilirudia mpaka mlinzi wa getini akaniuliza kama nimetaga ndani ya gari. Nikamwambia nampimia mama yangu. Akaja kunishikia mlango usirudi kunigonga.

Jeupe kiti chake kipo chini kuliko linavyoonekana kwa nje, na kizingiti cha mlango ni kipana, inabidi unyooshe mguu mbali ndipo ukanyage ardhi. La kijivu kiti kinakukuta kwenye nyonga, unakaa kama unavyokaa ukingoni mwa kitanda, na kuna mpini juu ya mlango ambao mkono wa mama utaufikia. Ni la zamani zaidi, lina mkwaruzo mrefu ubavuni, na redio yake inashika stesheni moja tu. Nilimwomba fundi wetu, ambaye sote tunamwita Daktari, aliangalie. Alifungua boneti, akalala chini yake, akaliwasha, akalizungusha yadi nzima. Akasema ni mzee mwenye kikohozi, lakini hana ugonjwa wa kuficha. Akaandika kwenye karatasi vitu vitatu vya kubadilisha. Karatasi hiyo nimeikunja humu ndani ya bahasha.

Hapa utasema, mbona Jumapili kwenye simu ulituambia jeupe.

Ndiyo, dada. Shemeji aliniuliza, fundi, injini ya jeupe ikoje, nikasema injini safi. Akauliza tuchukue, nikasema chukueni. Nikamsikia mama kwa mbali akisema mwanangu akishasema basi, msimsumbue, hiyo ndiyo kazi yake.

Hiyo si kazi yangu. Mimi si fundi, sijawahi kuwa. Kwa miaka mitatu hii naosha magari. Yakishushwa hapa mimi na wenzangu tunang'oa mazulia, tunasugua viti, tunafyonza vumbi, tunapaka mafuta matairi. Ile picha mama aliyoitundika sebuleni, nimevaa ovaroli na spana mkononi, ovaroli ni ya Daktari na spana ni yake pia. Nilimwomba dakika tano. Nilidhani nitafundishwa ufundi mwaka wa kwanza, picha ikatangulia, nikasema ukweli utaifuata. Haukuifuata. Hata kuendesha sijui. Wenzangu wakiyasogeza magari, mimi nayasukuma.

Na kwa sababu mimi ni muoshaji, ndiyo maana najua jambo ambalo shemeji hataliona kwenye simu yake. Lile jeupe limezama. Lilikuja mwezi wa saba na mengine manne, kutoka sehemu iliyofurika maji. Nilipong'oa zulia nilikuta tope limekauka kama keki, na mstari wa maji umefika usawa wa viti. Nilichota tope hilo kwa mikono. Msimamizi akatuambia tuvute mikanda ya viti mpaka mwisho, kwa sababu mnunuzi mjanja huivuta kutazama sehemu inayojificha ndani. Niliisugua kwa mswaki siku mbili. Bolti za viti zilizoshika kutu nilizipiga msasa na kuzipaka rangi. Zulia likawekwa jipya, manukato yakanyunyizwa. Msimamizi alinipongeza mbele ya watu, na nisikufiche, nilifurahi. Daktari anasema gari la namna hiyo huwaka vizuri miezi michache, kisha nyaya zinaanza kuoza, na siku moja linazimika tu, popote lilipo. Mimi namwona mama ndani yake, katikati ya barabara, na mguu ule.

Ukimtuma mtu alikague hataona kitu. Alama zote nilizifuta mwenyewe, na nilizifuta vizuri. Imebaki kauli yangu tu, na nimeshakuonyesha kauli yangu ina thamani gani. Jumapili ningeweza kusema. Lakini shemeji angeuliza umejuaje, na ningelazimika kusema, mbele ya mama, kwamba nilikuwa nimepiga magoti humo ndani nachota matope. Nikaona afadhali injini safi. Kwa sekunde ile moja nilimuuza mama kwa ajili ya picha ya ukutani.

Kwa hiyo nakuomba mchukue la kijivu. Au msichukue lolote la hapa, lakini jeupe msiliguse. Shemeji akipiga Ijumaa aseme amebadili mawazo, asitaje maji wala jina langu, maana hapa nitatolewa nje siku hiyo hiyo. Shemeji mwambie yote, ana haki ya kunicheka na ya kunikasirikia, aanze na lolote atakalo. Mama mwambie wewe, taratibu, akiwa amekaa. Kama atataka kuiteremsha picha, mwache aiteremshe.

Nisalimie watoto, waambie mjomba anawakumbuka kila mmoja kwa utundu wake. Msalimie na jirani aliyemwazima mama kile kiti cha magurudumu.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Aprili. Walikwishanipa karatasi za miaka mingine miwili, nami nilikuwa karibu kuzisaini, kwa kuwa mtu aliyesema ni fundi hawezi kurudi bila ufundi. Sasa ninaweza. Sitasaini. Basi litanishusha stendi asubuhi ya tarehe mbili Mei. Mkija kunipokea, mama akae kiti cha mbele, mimi nitakaa nyuma na begi langu, na tukifika nyumbani nitaliosha gari.

Ni mimi mdogo wako,
muosha magari.